Alichokijua Namnyaki

Ukiwauliza majirani wa Lemara, mjini Arusha, hakuna atakayekuambia kwamba Mama Lesian ni mtu wa kimya. Sauti yake ilikuwa ikisikika hadi nyumba ya tatu siku anapogombana na fundi bomba, na kwenye vikao vya mtaa walizoea kumwomba apumzike kidogo ili wengine nao waseme. Lakini chuoni alikofanya kazi, ambako aliitwa kwa jina lake, Namnyaki, alikuwa mtu mwingine. Huko alikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono mapajani, na kikao kikiisha alikuwa wa kwanza kutoka. Ukimya huo hakuzaliwa nao. Alijifunza kazini, na ulichukua miaka kumwingia.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa na stashahada ya ufundi sanifu maabara mkononi. Chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga, majengo manne ya matofali yaliyotazamana na Mlima Meru, na maabara ya maji ilikuwa chumba kimoja chenye sinki mbili. Namnyaki aliipanga kwa mikono yake. Alibandika karatasi kwenye kila kabati, akashona mapazia ya madirisha ili jua lisiharibu kemikali, akawafundisha wanafunzi kuosha chupa mara tatu na siyo mara mbili.

Kipimo alichokimudu kuliko vyote kilikuwa cha floraidi. Kuuzunguka mlima ule hakuna asiyeyajua madini hayo, hata kama hajui jina lake. Ni yale yaliyomo kwenye maji ya visima na chemchemi nyingi, yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakizidi sana hupinda miguu yao. Namnyaki aliyapima kwa dawa ya rangi nyekundu. Unaweka matone kwenye maji. Floraidi ikiwa nyingi, wekundu unapauka. Kulikuwa na kifaa kikuukuu cha kusomea rangi ile, lakini baada ya miaka michache alikuwa akiangalia tu kwa jicho na kutaja kiasi, kisha wanafunzi wanakisoma kifaa na kukuta amekosea kidogo mno. Walipenda kumjaribu. Naye alipenda kujaribiwa.

Mwaka wa tano wa kazi aligundua kwamba mizani ya maabara inadanganya. Kila kemikali iliyopimwa pale ilikuwa pungufu, na wanafunzi walikuwa wakipata majibu ya ajabu na kukatwa maksi. Akalisema jambo hilo kwenye kikao cha idara. Mkuu wa idara, Dakta Nathanael, wakati huo alikuwa amekikalia kiti kile kwa mwezi mmoja tu.

"Ahsante, dada Namnyaki," alimjibu. "Mambo ya kitaalamu tuwaachie wahadhiri. Wewe tuambie tu kama sabuni ya kuoshea vyombo bado ipo."

Watu wakacheka. Namnyaki naye akacheka, maana hakujua afanye nini na uso wake. Miezi miwili baadaye akaja fundi kutoka Dar es Salaam, akasema mizani ni mbovu, ikabadilishwa. Hakuna aliyerudi kwake kumwambia neno.

Mafunzo aliyaomba mara tatu. Mara ya kwanza alijaza fomu ya kwenda kusoma shahada, ikarudi na maandishi ya wino wa bluu kwamba kwa mwaka ule wahadhiri ndio wa kwanza. Mara ya pili jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya kozi ya wiki mbili Morogoro, na siku mbili kabla ya safari akaambiwa nafasi imebadilishwa. Akaenda mtu wa ofisi ya mipango, ambaye hajawahi kushika hata chupa ya maabara. Mara ya tatu ilikuwa ile ya mashine.

Mashine ililetwa na wafadhili, ikiwa kwenye sanduku la mbao. Ilikuwa ya kupimia floraidi bila rangi: unatumbukiza kijiti chake kwenye maji, unasubiri, namba inajitokeza kwenye kioo. Wafadhili walitoa na nafasi mbili za mafunzo ya wiki tatu, na barua yao ilisema waziwazi, nafasi moja ya mhadhiri, nyingine ya fundi wa maabara. Namnyaki aliisoma barua ile kwa macho yake, kwa sababu ndiye aliyetumwa kuitolea nakala. Akajaza fomu, akanunua begi.

Walioenda ni Luqman, mhadhiri msaidizi, na Dakta Nathanael mwenyewe. Mkuu alihudhuria siku mbili, akarudi Arusha kwenye kikao. Luqman alikaa wiki zote tatu na akarudi akiijua mashine ile vizuri.

"Mama, nikitulia nitakufundisha yote, mwanzo hadi mwisho," alimwambia, na hakuwa akimdanganya. Alikuwa kijana muungwana. Lakini hakutulia. Baada ya miezi minne alipata kazi kwenye shirika moja la maji lenye ofisi Njiro, na siku ya kuaga ndipo alipopata nusu saa ya kumkalisha Namnyaki mbele ya mashine. Washa hapa. Bonyeza hapa. Soma hapa. Kuhusu maji ya kulinganishia, yale ambayo kiasi chake cha floraidi kinajulikana na ambayo mashine lazima iyaonje kwanza ili ijue kusema kweli, alisema atamwandikia. Ujumbe ulikuja jioni kwenye simu, ukaishia katikati. Namnyaki alimpigia siku iliyofuata, na ya pili yake. Luqman alikuwa safarini Manyara.

Akaenda kwa mkuu wa idara. "Daktari, mashine hii sijafundishwa. Tutumie ile rangi hadi nipate mtu wa kunielekeza."

Dakta Nathanael hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mama, wanafunzi kumi na tisa wa mwaka wa mwisho wanasubiri sampuli zao zipimwe. Wafadhili wanakuja mwezi ujao kuona kifaa chao kinafanya kazi. Wakute unachanganya rangi? Iwashe tu. Hizi mashine za siku hizi zinajiendesha zenyewe."

Basi akaiwasha. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, kurasa mia mbili na kitu. Aliyatengeneza maji ya kulinganishia kwa kadiri alivyoelewa, mashine ikapiga mlio wa kukubali, na namba zikaanza kutoka. Alizinakili moja moja kwenye daftari la wanafunzi.

Miongoni mwa wale kumi na tisa alikuwamo msichana aitwaye Sinyati, mzaliwa wa kijiji cha Kikwe. Alikuwa mcheshi, ila kila alipocheka aliuziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia yenye vishimo. Utafiti wake ulihusu visima vya kwao, na sampuli ya kwanza ilitoka kwenye kisima kilichoko nyuma ya nyumba ya koko wake, yaani bibi aliyemlea. Kwa miaka mitatu familia ile ilikuwa imeacha kunywa maji ya kisima hicho. Walikuwa wakichota kwenye bomba la mradi wa maji, mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi, na mchotaji mkuu alikuwa koko mwenyewe.

Majibu yalipotoka Sinyati aliyatazama, akayatazama tena.

"Mama, njoo uone. Sifuri nukta nane! Kiwango mwisho ni moja na nusu. Kwa hiyo kisima chetu ni salama?"

Namnyaki aliiangalia namba kwenye kioo. Kisha, bila kutaka, akayaangalia meno ya yule msichana, ambaye safari hii alikuwa amesahau kuuziba mdomo.

"Ndivyo mashine inavyosema," alijibu.

"Ngoja nimpigie koko. Yaani sasa hivi! Goti lake litapona, mama, kule bombani ni mbali." Akatoka nje na simu yake, na kupitia dirishani Namnyaki alimsikia akisema kwa Kimaasai, kwa furaha, neno la maji mara tatu nne.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alibaki. Akafungua kabati la chini na kutoa chupa ya dawa nyekundu iliyokuwa imebaki nusu, akaweka matone kwenye maji ya kisima cha Kikwe. Wekundu ulipotea kama haukuwahi kuwapo. Akayapunguza makali kwa kuyachanganya na maji safi mara nne zaidi, akarudia. Bado rangi ilipauka. Hakuhitaji kifaa kumwambia kwamba maji yale yalikuwa na floraidi mara nne au tano ya kiwango. Akachukua chupa za wanafunzi wengine wawili. Nazo hivyo hivyo. Namba zote alizoziandika tangu Jumatatu zilikuwa uongo.

Aliandika majibu ya rangi kwenye kipande cha karatasi na kwenda moja kwa moja hadi ofisi ya mkuu wa idara. Mlango ulikuwa wazi. Ndani walikuwamo watu wawili wa utawala, na mezani palikuwa na bango la kuwakaribisha wafadhili, wanalikagua.

"Kuna nini tena, mama?" aliuliza Dakta Nathanael.

Lile neno "tena" ndilo lililomkata. Aliuona ule mkutano wa zamani, akaisikia ile kauli ya sabuni ya kuoshea vyombo, akawaona watu wawili wale wakiwa tayari kutabasamu. Karatasi ilikuwa mkononi. Aliikunja.

"Nilikuja kuulizia orodha ya glovu," alisema. "Nitarudi."

Hakurudi. Alijiambia atarudi kesho, na kesho ilikuwa na kazi zake. Alijiambia pengine dawa imezeeka. Alijiambia wako wenye shahada tatu za kuliona jambo lile, na kwamba yeye anaosha chupa. Sampuli zikaisha, ripoti zikaandikwa, wafadhili wakaja wakapiga picha na mashine. Namnyaki aliombwa asimame pembeni kidogo ili jina la mradi ukutani lionekane.

Mwezi wa saba wanafunzi waliwasilisha tafiti zao mbele ya mtahini wa nje, Profesa Swabaha, mwanamke mnene, mpole, aliyeletwa kutoka chuo cha pwani. Namnyaki alikuwa ukumbini kwa sababu ndiye aliyeshughulikia waya za projekta. Sinyati alikuwa wa nne. Alisema vizuri, akaonyesha ramani ya Kikwe na visima vyake sita, akahitimisha kwamba vyote vinafaa kwa kunywa.

"Hongera, binti," alisema Profesa Swabaha. "Umeeleza vizuri. Naomba nikuulize, na usinielewe vibaya. Umekulia kwenye kisima hiki cha kwanza?"

"Ndiyo, Profesa."

"Ulikunywa maji yake ukiwa mdogo?"

"Ndiyo."

"Na ndugu zako wana meno ya namna gani?"

Sinyati alikipeleka kiganja mdomoni, polepole, na hakukiondoa tena. Aliisoma upya ile namba yake ukutani, kubwa, kwa rangi ya kijani. Profesa alifungua ripoti ya pili, ya tatu, ya saba, akauliza ni nani aliyeilinganisha mashine na kwa maji gani, na hapakuwa na mhadhiri hata mmoja aliyejua. Kufikia jioni tafiti zote kumi na tisa zilikuwa zimekataliwa. Darasa zima halingehitimu mwaka ule.

Siku ya kamati iliyoundwa kulichunguza jambo hilo, afisa utumishi alimngojea Namnyaki nje ya ukumbi. Alikuwa mama wa makamo aliyemhurumia.

"Sikiliza, dada yangu," alimnong'oneza. "Sema hukujua. Hukufundishwa, na barua za maombi yako ninazo zote kwenye faili. Kutojua hakuna adhabu. Umenisikia?"

Ndani walimwuliza nani alimfundisha mashine. Akaeleza ile nusu saa. Walimwuliza kwa nini aliiendesha. Akasema aliagizwa. Dakta Nathanael, aliyekaa upande wa wajumbe, alikuwa akiandika kitu kwenye daftari lake.

"Kwa hiyo hukuwa na njia ya kujua kwamba majibu si sahihi," alisema mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga faili.

Namnyaki alimwona afisa utumishi akimtazama kutoka kwenye kona. Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu.

"Nilijua," alisema. "Nilipima kwa rangi siku ile ile. Nilijua kabla ya wote."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili kusema jambo la kitaalamu mbele ya kikao, na hakuna aliyecheka. Aliwaambia yote: mizani, fomu tatu, barua ya wafadhili aliyoitolea nakala, karatasi aliyoikunja mlangoni. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamshukuru. Baada ya wiki mbili ikaja barua: onyo la mwisho, na uhamisho kwenda stoo kuu. Dakta Nathanael naye alipata barua yake, ya kumtaka aimarishe usimamizi wa idara.

"Ungenyamaza," mumewe, Kasaine, alimwambia jioni ile baada ya kuisoma barua. Hakusema kwa ukali. "Miaka yote umenyamaza, ukaja kusema siku ambayo kusema kunakuumiza."

Namnyaki alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kikwe. Aliuliza njia hadi akafika kwenye nyumba yenye kisima nyuma. Koko alikuwa ameketi kizingitini, mguu mmoja ameunyosha mbele. Namnyaki alimwamkia, akajitambulisha, akasema ndiye aliyepima maji.

Bibi alimtazama. "Tulikunywa miezi minne," alisema. "Na yule mdogo wa mwisho ndio kwanza anaota meno ya kikubwa. Sasa tumerudi bombani." Alimwonyesha kigoda akae, maana mgeni ni mgeni, na chai ikaletwa. Namnyaki aliinywa yote.

Sinyati ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani. Walipita kando ya mashamba ya mahindi yaliyokauka. Kwenye barabara kuu msichana akasimama.

"Mama, nimesikia ulichosema kwenye kamati. Kwamba uliogopa kumwambia mkuu. Hilo naelewa. Wote tunamwogopa." Akamtazama usoni. "Ila mimi si mkuu. Nilikuwa hapo hapo dirishani naongea na simu, na siku zote zilizofuata nilikuwapo. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Namnyaki alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, na yote yalihusu chuo, fomu, mafunzo na dharau. Hapakuwa na hata moja la kujibu swali lile. Kumwambia Sinyati hakukuhitaji cheo wala cheti wala idhini ya mtu. Kulihitaji kutoka nje ya mlango na kusema, ngoja, kata simu, au mchana ule kusema, mpigie koko tena.

"Sijui, mwanangu," alisema mwishowe.

Sinyati aliitikia kwa kichwa, akageuka kurudi nyumbani.

Mwaka uliofuata uongozi wa chuo, kwa mapendekezo ya Profesa Swabaha, ulimwajiri fundi mpya, Daniel, na kabla hajagusa chochote ukampeleka mafunzo ya wiki tatu. Mashine ni ile ile, chumba ni kile kile, maji ni yale yale ya Meru. Tafiti za mwaka huo zilipita zote, na mbili zilichukuliwa na mamlaka ya maji kwa matumizi yake. Namnyaki alizisikia habari hizo akiwa stoo, kutoka kwa mhadhiri aliyekuja kuchukua karatasi. Alifurahi. Kisha akaingia nyuma ya mashelfu akasimama huko kidogo, hadi mhadhiri akamwita kuuliza kama karatasi zipo au hazipo.

Wenzake Sinyati kumi na wanane walirudi kurudia mwaka. Yeye hakurudi. Mjomba aliyekuwa akimsomesha alisema sehemu yake ameimaliza, na sasa msichana anauza dawa za mifugo dukani, Usa River. Wanaompitia wanasema anajua kazi, ila hacheki sana.

Daniel huja stoo kila mwezi kuchukua glovu na sabuni. Ni kijana wa heshima. Humwamkia shikamoo kwanza, husaini, huuliza habari za nyumbani. Siku moja alisema maji ya kisima fulani yanamsumbua, mashine inatoa namba inayomtia shaka. Namnyaki alishika ukingo wa kaunta, neno la ile dawa nyekundu likiwa ulimini. Lakini Daniel alikuwa akisema tu, kama watu wanavyosema juu ya kazi zao. Alikwisha kubeba boksi lake na alikuwa akitazama mlangoni. Bado miaka kumi na mitatu Namnyaki astaafu. Akaandika tarehe kwenye kitabu cha kutolea vifaa, akamsukumia asaini.